Bunduki Yenye Waya Kitakoni

Mimi ni fundi, na fundi anayesema hajawahi kuharibu kitu cha mtu ni mwongo, au ameanza kazi jana. Nimeharibu cherehani, nimeharibu saa za watu, na kufuli moja la kanisa nililivunja kabisa hadi waumini wakaingilia mlango wa nyuma Jumapili mbili. Yote hayo nimeshayacheka. Liko moja tu ambalo sijalicheka, na hilo watu waliniambia nimelitengeneza vizuri.

Karakana yangu iko Tukuyu mjini, nyuma ya soko, kibanda cha mabati chenye meza moja na dirisha moja. Babu yangu alitoka pwani na cherehani yake, akafika huku milimani akakuta mvua, akasema atapumzika kidogo mpaka ikatike. Haikukatika. Akaoa, akazaa, akazikwa hapa hapa, na sisi wajukuu tumebaki Waislamu wa mjini, tunakula mbalaga za ndizi kama wenyeji na tunasema Kinyakyusa cha kuombea maji.

Ujanani nilipita jeshini, nikawekwa ghala la silaha. Huko ndiko nilikojifunza kuweka sawa bunduki za shabaha, kazi ambayo wenyewe tuliita kuziro. Watu hudhani bunduki inapiga pale inapotazama. Haipigi, mpaka ifundishwe. Mbele, juu ya mtutu, kuna kijincha cha chuma, na nyuma, karibu na jicho, kuna kipengo. Unaiweka ncha katikati ya kipengo, unaipeleka chini ya lile duara jeusi la shabaha, unafyatua. Unapiga tatu, kisha unakwenda kutazama matundu. Yakiwa yamekusanyika pamoja lakini pembeni, unatoa ufunguo mdogo na nyundo ndogo, unaisogeza ncha. Na hapa ndipo wengi wanapochemsha, kwa sababu ncha ya mbele haikimbii kosa, inalifuata. Risasi zikienda kulia, ncha nayo isogee kulia. Zikienda chini, ncha nayo ishuke. Mwalimu wangu alinipigia kelele siku tatu mpaka ikaniingia.

Alinipigia kelele na kwa jambo la pili. Kabla hujagusa ncha, alisema, hakikisha kosa ni la bunduki. Kama ni la mtu, iache bunduki, mshughulikie mtu. Hilo halikunichukua hata dakika kulielewa, ndiyo maana labda halikukaa.

Niliporudi nyumbani, afande wa mgambo alisikia habari zangu. Kila mwaka, mgambo walipokaribia kupiga shabaha, alinitumia mtu: fundi, njoo uzitazame. Nikabeba kifuko changu nikashuka bondeni, upande wa Kawetele, palipokuwa na tuta la udongo na kilima nyuma yake. Asubuhi ukungu ulikaa pale kama mwenye shamba, hata karatasi ya shabaha hatua mia mbele huioni. Tulikaa tunakunywa chai mpaka uondoke. Bunduki zilikuwa kumi na mbili na nilizijua tabia zote. Moja ilikuwa imepasuka kitako, ikafungwa kwa waya wa uzio, na kwa sura ilikuwa mbaya kuliko zote. Hiyo ndiyo iliyokuwa mkweli. Miaka minne sikuwahi kuisogeza ncha yake hata unywele.

Sasa rafiki yangu. Alikuwa mtu wa Mpuguso, mrefu, mpole, mwimba kwaya, na kazi yake ilikuwa kupima majani kiwanda cha chai. Tulijuana kwa cherehani ya mkewe. Aliileta mara ya kwanza kwa ugonjwa wa kweli, na mara nyingine zote aliileta ili apate sababu ya kukaa. Alikuwa anakaa kwenye kigoda changu anaongea, mimi nafanya kazi namkatiza. Mimi nina mdomo mchafu na hasira za karibu, yeye alikuwa akikasirika anacheka. Aliniita fundi. Mimi nilimwita nkamu, yaani ndugu, neno lao, na jinsi nilivyolitamka lilimfurahisha kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Zilikuwa enzi za ruksa. Madukani kulijaa sabuni, redio, makoti ya mitumba. Vile vitu tulivyokuwa tunavipangia foleni vikawa sasa vinatupangia foleni sisi. Lakini vitu vilipoingia, kazi zikatoka. Kiwanda kikapunguza watu, na mpima majani akapunguzwa. Shamba la baba yake walikuwa wanagawana ndugu watano, migomba ya kila mmoja unaweza kuihesabu ukiwa umesimama mahali pamoja. Alikuwa na mke na binti wa miaka minane na watoto wengine wawili wadogo zaidi. Akaacha kuleta cherehani, kwa kuwa mkewe alikuwa ameiuza. Alikuja hivyo hivyo, akakaa kimya, na ukimya wake ulinisumbua kuliko maneno yake yote.

Ndipo likaja neno kwamba kampuni ya ulinzi kutoka Mbeya inatafuta watu. Wafanyabiashara walikuwa na maghala sasa, na maghala yanataka walinzi. Wangechukua mgambo sita kutoka kwetu, wale watakaoingiza risasi nne kati ya tano ndani ya duara jeusi. Rafiki yangu, na umri wake wa miaka thelathini na kitu, akajiandikisha mgambo pamoja na vijana waliokuwa wanamwita mzee. Alikimbia nao mchakamchaka, akalala nao kwenye matope, hakulalamika.

"Fundi," aliniambia, "nikikosa hii sina nyingine."

 

Siku ya kwanza ya mazoezi ya shabaha nilikuwepo na kifuko changu. Alilala chini, akaweka kitako begani vizuri, akavuta pumzi vizuri. Kisha, nusu ya nusu ya sekunde kabla mlio haujatoka, akafumba macho na kugeuza uso pembeni. Nikacheka kwa sauti. Nilijua palepale alikotoa tabia hiyo. Hawa wa vijijini wamejifunzia kwenye gobole, kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, na gobole linatema moto wake kando ya shavu lako. Atakayeacha uso wake pale anaunguzwa nyusi. Kwa hiyo wanageuka. Kwa gobole ni akili. Kwa bunduki ya shabaha, ukigeuza uso bega linafuata uso na kidole kinafuata bega, na risasi inakwenda zake.

Risasi zake zilikwenda chini kushoto. Zote tatu, zimeketi pamoja, unaweza kuzifunika kwa kisahani cha chai. Nikampa bunduki nyingine. Chini kushoto. Nikampa ile yenye waya, ile mkweli, nikapiga kwanza mwenyewe, zangu zikaingia katikati. Akapiga yeye. Chini kushoto, pale pale.

"Kosa lako lina nidhamu kuliko afande," nilimwambia. Vijana wakacheka, naye akacheka nao, lakini mikono yake ilikuwa inatafuta mahali pa kujificha.

Dawa ya tabia hiyo naijua. Unaweka sarafu juu ya mtutu, bunduki haina risasi, mtu anafyatua. Sarafu ikianguka, anarudia. Anarudia mpaka uso wake usahau moto wa gobole. Inachukua wiki mbili, pengine tatu, na inataka mwalimu mwenye subira. Mtihani ulikuwa umebaki siku mbili, na subira Mungu hakunijalia. Tulijaribu jioni moja pale karakana. Sarafu ilianguka kila mara. Mara ya thelathini hivi akaiokota, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Basi, fundi. Ndaga." Ndaga ni asante. Akaenda zake kwa miguu mpaka Mpuguso kwenye mvua.

Nilikaa nikaiangalia ile sarafu. Nikafikiri: kosa lake haliyumbi. Kosa lisiloyumba, kwa ncha, halina tofauti na kosa la bunduki.

Siku ya mtihani nilifika bondeni kabla ya wote, ukungu bado mzito. Kazi yangu ilikuwa kuzikagua bunduki, hakuna aliyenishangaa. Nikaichukua yenye waya. Nikaisogeza ncha yake kushoto, nikaishusha chini, kwa kipimo nilichokuwa nimekikokotoa kichwani kutokana na yale matundu yake. Nikamwambia afande bunduki hiyo ina mpasuko, ni vizuri itumike mwisho, na kwa kuwa rafiki yangu ndiye mkubwa kwa umri, apige mwisho asiwacheleweshe vijana. Afande akakubali, na kwa nini asikubali, mimi ndiye fundi.

Kabla hajalala chini nilimwita pembeni. Niliogopa jambo moja tu, kwamba siku hiyo ya siku angejikaza akafumbua macho. Angefumbua macho, zote zingepaa juu kulia.

"Sikiliza," nilimwambia. "Umeshapata. Jana nilikuona ukiwa umechoka, umeshapata. Vuta kama unavyovuta, geuza kama unavyogeuza. Usibadilishe kitu."

Akanitazama kama mtoto anayetazama daktari. "Hata kugeuza?"

"Hata kugeuza."

Alipiga tano. Zote tano ziliingia kwenye jeusi, na tatu kati ya hizo zilikuwa zimegusana. Mtu wa kampuni alikwenda mwenyewe kuichomoa karatasi tutani, akairudisha ameinyanyua juu, akasema mkubwa ni mkubwa. Rafiki yangu alikaa kwenye majani, akashika kichwa, akalia. Alilia bila aibu mbele ya vijana wale. Mimi nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilifurahi kuliko siku nilipooa. Walipoondoka wote kwenda kuandikishwa nikairudisha ncha mahali pake kwa nyundo, gonga moja, mbili, tatu, na ile bunduki ikawa mkweli tena.

Hapo ningeweza kusema kwamba sikuwa na njia nyingine, na wengi mngeniunga mkono. Lakini alikaa nyumbani wiki tatu kabla ya kuitwa kazini. Wiki tatu. Na katika wiki ya pili alikuja karakana, amenyoa, ana shati jipya la mitumba, akakaa kwenye kigoda chake.

"Fundi, nifundishe zaidi," alisema. "Nataka niwe na hakika. Hata ile sarafu, nitaianza upya."

Sarafu ilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Ningeanza naye kwa sarafu, angeniuliza mbona inaanguka ilhali nilimwambia ameshapata. Ningelazimika kumwambia. Ningelazimika kuuona uso wake akijua kwamba zile risasi tano hazikuwa zake. Nilimwonea huruma, au nilijionea mwenyewe, mpaka leo sijui.

"Wewe nenda," nilimjibu, bila kuinua macho kwenye saa niliyokuwa natengeneza. "Utakaa mlangoni kwa mtu unalinda mifuko ya sukari. Nani atakupiga risasi?"

Akacheka. Akaenda. Wakampeleka Mbeya, kulinda ghala la mfanyabiashara mmoja.

Mwaka ule nyumbani kwake paliinuka. Mkewe akanunua cherehani nyingine, akaniletea niipake mafuta ingawa ilikuwa mpya, kwa ajili ya salamu tu. Binti akavaa viatu shuleni. Yeye alipata likizo mara mbili, na mara zote mbili alipitia kwangu kwanza kabla hata ya kwenda kwake. Mara ya pili aliniletea koti, zito, la rangi ya kahawia, la watu wa nchi za barafu. Alisema mtu aliyemponya macho hawezi kutetemeka kwa baridi ya Tukuyu yeye akiwa hai. Nililivaa siku hiyo hiyo. Aliponigeuza kuniangalia mgongoni nilitaka kumwambia.  Wateja wakaingia.

Kisha pale ghalani Mbeya walikuja majambazi saa ya kufunga, jua bado lipo, watu wakiwa barabarani. Walinzi walikuwa watatu. Habari hii aliniambia mmoja wao, kijana aliyesindikiza mwili wa rafiki yangu kutoka Mbeya mpaka Mpuguso. Tulikuwa tumesimama chini ya migomba nje ya nyumba ya msiba, wanawake wanalia ndani, mvua inadondoka kwenye majani mapana.

"Sisi tulilala chini, mzee wangu," alisema. "Walitupigia kelele tuweke silaha, hawakutaka damu, walitaka vitu. Mimi niliweka. Mwenzangu akaweka. Yeye akatuambia, msiogope, mimi nina shabaha. Akasimama."

"Alipiga?" nilimuuliza.

"Alipiga mbili. Walikuwa mlangoni, karibu, hatua kumi na tano hazifiki. Tulikwenda kuangalia baadaye na polisi. Zote mbili ziko ukutani, chini, kushoto kwa mlango." Akanyoosha kiganja chake, kimelowa. "Ningezifunika zote kwa mkono huu. Ajabu, sivyo? Mtu mwenye shabaha kama ile."

Nilimshika bega nikamwambia ajali haina kinga. Ndivyo tunavyosema. 

Kwetu huku mtu hazikwi kimya. Kabla ya jeneza kushuka husomwa historia ya marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alimwoa nani, alifanya nini cha kukumbukwa. Msomaji alikuwa kaka yake. Alisoma kiwanda, alisoma kwaya, halafu akasimama, akatoa kwenye bahasha karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua. Ilikuwa ile karatasi ya shabaha. Kumbe aliiomba siku ile akaiweka. Kaka akainyanyua juu ya vichwa vya watu wote, na mwanga wa mchana ukapita kwenye matundu matano.

"Mtu wa namna hii," alisema kaka, "hakukosea. Alizidiwa."

Watu wakaguna kwa kukubali. Na mtu mmoja nyuma yangu akaninong'oneza kwa heshima kwamba wanajua ni mimi niliyemfundisha. Nilikuwa nimevaa koti lake. Sikulivaa tena baada ya siku hiyo. Linaning'inia karakana nyuma ya mlango, na mwili wake limeushika, mabega yake, kwa sababu kabla ya kunipa alilivaa yeye njia nzima. Ukifungua mlango asubuhi, kabla macho hayajazoea giza la ndani, kuna mtu amesimama pale. Mke wangu aliniambia miaka ile ile nilitoe sadaka. Nilimwambia akae mbali na karakana yangu.

Basi nikaanza kwenda Mpuguso. Kila mwezi, na kila sikukuu, yao na yetu. Shemeji, yaani mkewe, alikuwa ameitia ile karatasi kwenye fremu yenye kioo na kuitundika sebuleni, ukutani, mkabala na kiti cha wageni. Mgeni ni mimi. Nilikaa chini yake au mbele yake, nikala ndizi zake, nikanywa maziwa yake ya mgando, na matundu matano yananitazama. Alikuwa anawaambia wageni wengine, huyu ndiye fundi. Kila mavuno alinitumia mkungu wa ndizi mjini. Sikuweza kuukataa, na nilikuwa nikiula kama mtu anayekula kiapo.

Tena sikulala vizuri. Sisemi kwa kujitia huruma, nasema ilivyokuwa. Nilisikia mlio wa nyundo yangu, gonga moja, mbili, tatu. Mchana nikitengeneza saa, nikigonga pini, mkono unasimama. Bunduki sikuzigusa tena. Afande mpya alipokuja kuniita nilimwambia macho yameharibika.

Miaka ikapita kumi. Siku moja ya soko shemeji aliingia karakana, ameloa, amebeba kitu ndani ya kanga. Akakifungua mezani. Ilikuwa fremu, kioo kimevunjika.

"Upepo umeiangusha," alisema. "Nitafutie kioo kingine, shemeji. Na haraka, maana binti ameitwa jeshini, anaondoka baada ya mwezi. Anataka aende nayo. Anasema jicho la baba yake liko kwake."

Nilikuwa nimeshaanza kuvitoa vipande vya kioo. Nikaitoa karatasi, imekuwa ya njano, nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa rafiki yangu, wa penseli, herufi zake zile kubwa za mpima majani. Ameandika: Leo Mungu ameniondolea woga.

Nikaketi. Shemeji akauliza kama ninaumwa.

Nilimwambia. Sikumzungusha. Nilimwambia kuhusu ukungu, na ncha, na nilivyoisogeza kushoto na kuishusha chini. Nilimwambia kuhusu siku aliyokuja na shati jipya kuniomba nimfundishe. Nilimwambia kuhusu risasi mbili ukutani, ambazo wao waliziona ajabu na mimi nilizijua kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Nilisema asingesimama. Angekuwa anajua hana shabaha, angelala chini na wenzake, angerudi.

Alisikiliza akiwa amesimama. Mvua ilipiga mabati, na ilibidi niseme kwa sauti maneno ambayo mtu hapaswi kuyasema kwa sauti.

"Kwa hiyo hakuwa na shabaha," alisema mwishoni.

"Hakuwa nayo. Angeipata, shemeji. Aliniomba. Mimi ndiye sikumpa."

Akaichukua karatasi. Hakuichana, kama nilivyotegemea, na labda kama nilivyotaka. Aliikunja mara nne kwenye mikunjo yake ya zamani, akaiweka kifuani.

"Mwe," alisema, kwa sauti ndogo. "Na umekula kwangu miaka yote hii."

Akatoka. Fremu akaiacha. Niliiwekea kioo kipya hata hivyo, sijui kwa ajili ya nani.

Wiki mbili sikwenda Mpuguso. Nilitegemea kaka wa marehemu angekuja na watu, na kusema kweli niliacha mlango wazi. Hakuja mtu. Wiki ya tatu, asubuhi, niliinua kichwa nikamwona binti mlangoni, mrefu kama baba yake, na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Aliutua mkungu chini, akajifuta uso. Hakutabasamu.

"Mama amesema nije unifundishe. Amesema ufundishe kweli. Amesema ndizi hizi ni za mwisho kama hutafundisha."

Nilifunga karakana kwa wateja. Nilikuwa na bunduki ya upepo ya mtu fulani, ya kupigia ndege, nimeachiwa niitengeneze. Haikuwa na risasi, na nilimwonyesha binti kwamba haina. Nikatandika mkeka. Akalala chini, akaweka kitako begani, vizuri kabisa, hakuna aliyemwelekeza. Nikafungua droo. Sarafu ilikuwa pale pale, chini ya springi na misumari, ile ile. Nikaiweka juu ya mtutu, karibu na ncha.

"Fyatua taratibu. Sarafu isianguke."

Akavuta pumzi. Kisha, nusu ya nusu ya sekunde kabla ya mlio, akafumba macho na kugeuza uso pembeni. Sarafu ikaanguka kwenye mkeka.

Msichana huyu hajawahi kushika gobole maishani mwake. Nilisikia koti likigusa mlango nyuma yangu, upepo tu, na sikugeuka.

"Nani alikufundisha kugeuza uso?" nilimuuliza.

"Baba," alisema. "Alipokuwa likizo alitulaza barazani na fimbo, mimi na wadogo zangu. Alisema hii ndiyo siri. Geuza hivyo hivyo, usibadilishe kitu. Alisema ulimwambia wewe."

Niliokota sarafu. Nikapiga goti, nikairudisha juu ya mtutu, ikaanguka kabla binti hajafyatua.